Mashine ya Igo ya Baba Mdogo

Pasua, Moshi
16 Agosti 1992

Mpendwa mwanangu Haika,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo, ila goti la mama yako mdogo Brigitha linamsumbua asubuhi, na likishapata jua linamsahau. Kahawa ya kihambani, kwenye shamba la ukoo, imezaa vizuri. Jirani yetu Francis amenunua ng'ombe asiyetoa maziwa na hataki kusikia mtu akilisema hilo. Mwezi uliopita usharika ulipata wageni kutoka huko kwenu Minnesota, watu kumi na wawili, na tuliwapikia ndizi. Mmoja wao, mama anayeitwa Lynette, alisema anakifahamu chuo chako. Tulizungumza naye kwa muda mrefu.

Sasa jambo lenyewe. Bwana Hirose ameondoka. Muda wa Wajapani kwenye mradi wa mpunga umekwisha, naye alipanda ndege mwezi wa tatu. Miaka tisa nimefungua na kufunga malango ya maji chini yake, na miaka tisa tumecheza igo barazani kwetu kila jioni. Ameniachia ubao wake, kete zake, na ile televisheni ndogo aliyokuja nayo kutoka kwao, pamoja na transfoma yake. Televisheni haishiki stesheni yoyote. Yeye alikuwa anaangalizia kanda za video tu.

Unajua igo inataka watu wawili. Nimejaribu kumfundisha Francis. Nilimweleza kama nilivyokueleza wewe ulipokuwa na miaka kumi na minne: hii ni kesi ya mpaka wa kihamba. Kila mtu anapanda masale yake, ile mimea ya kuonyesha mpaka, pale mistari inapokutana, moja moja, kwa zamu, na atakayefunga eneo kubwa ndiye mshindi. Kete iliyozungukwa pande zote inang'olewa. Isiyozungukwa inabaki ilipopandwa. Francis akacheza zamu nne vizuri. Ya tano akaiokota kete yake na kuihamisha. Nikamwambia haihamishwi. Akasema, "Paul, hata sale huhamishwa usiku." Tukaishia hapo.

Hirose aliniambia kwamba kwao kuna mashine ya gemu inayounganishwa na televisheni, na miongoni mwa kaseti zake ipo inayocheza igo. Unaweka kete yako, nayo inaweka yake. Huko uliko kila kitu kinapatikana. Naomba unitafutie.

Mama yako mdogo anakusalimu.

Mimi baba yako mdogo,
Paul

*

Saint Paul
20 Septemba 1992

Shikamoo Baba Mdogo,

Mpe Mama Mdogo shikamoo yake, na pole ya goti. Mimi mzima. Majani ya miti yameanza kuwa mekundu, na watu wa hapa wanayaendea kwa gari kuyatazama kama sisi tunavyokwenda kumwona mtoto mchanga. Bado nakaa na Anastasia wa Marangu. Jumamosi alipika kiburu kwa ndizi za dukani, maharage yakaiva vizuri, ndizi zikakataa. Masomo ni yale yale.

Mashine nimeanza kuitafuta. Nilikwenda Bloomington, ambako wamefungua jengo la maduka mwezi uliopita. Baba Mdogo, ndani ya jengo kuna bustani ya michezo, na kuna gari la reli linalopita juu ya vichwa vya watu huku wanapiga kelele kwa hiari yao. Nikafika duka la gemu. Nikamwambia muuzaji natafuta gemu ya go. Kwa Kiingereza neno hilo ni kwenda, basi akaniuliza, "Ya kwenda wapi?" Nikamweleza: ubao, kete nyeusi, kete nyeupe. Akanionyesha gemu za mpira, za karate, na moja ya sataranji. Ya igo hakuwahi kuisikia. Nitaendelea kuuliza.

Nimeona kitu kimoja. Barua yako hii ni ya kwanza tangu nije huku ambayo haikuniuliza nitarudi lini. Niliisoma mara tatu nikidhani nimeruka mstari.

Na kwa nini mashine, Baba Mdogo? Si nilikuwa nacheza na wewe mimi?

Mwanao,
Haika

*

Pasua, Moshi
1 Novemba 1992

Mpendwa Haika,

Barua yako imefika ikiwa imelowa pembeni, lakini inasomeka. Nasi tunaendelea. Vuli imechelewa. Ng'ombe wa Francis ameuzwa kwa mtu wa Himo ambaye pia hataki kusikia. Mama yako mdogo amepaka chokaa kile chumba chako cha upande wa jua. Nilimwambia asubiri mvua ipite, lakini hakusubiri.

Nisikilize kuhusu mashine. Usinunue ya Kimarekani. Nilimwandikia Hirose, naye amenijibu kwamba televisheni yake inaelewana na mashine ya Kijapani tu, na kaseti ya Kijapani haiingii kwenye mashine ya Kimarekani, kwani meno yake hayalingani. Kwa hiyo tafuta mahali ambapo watu wa Asia wananunua vitu vyao. Anasema ni nyeupe na nyekundu.

Mchungaji anakuulizia. Mkuu wa maabara ya hospitali ya dayosisi anastaafu mwakani, na wanakumbuka kwamba ni usharika uliokupeleka. Nimewajibu.

Ulipokuwa na miaka kumi na minne ulikuwa unapenda pembe za ubao. Hirose alikuambia pembe ni rahisi kuzilinda, basi ukakaa pembeni tu, ukiniachia katikati yote, na bado ulinitoa jasho. Yeye alicheka mpaka akavua miwani.

Fanya kila kitu kwa uangalifu. Huko baridi imeanza.

Mimi,
Baba yako mdogo Paul

*

Saint Paul
17 Januari 1993

Shikamoo Baba Mdogo,

Heri ya mwaka mpya, wewe na Mama Mdogo. Nisamehe kwa kukaa kimya. Kazi zilinizidi, na kuna baridi ambayo ukiitemea mate yanafika chini yakiwa kokoto. Anastasia alianguka kwenye barafu mbele ya kanisa na kuinuka na wimbo ule ule aliokuwa anauimba.

Mashine nimeipata. Ipo Frogtown, kwenye barabara ya University, duka la mama mmoja wa Kivietnamu anayekodisha kanda za video za kwao na kuuza mchele wa magunia. Nilipomwambia ninachotafuta, hakuniuliza ya kwenda wapi. Alifuta mikono, akaingia nyuma, akatoka na sanduku.

"Atacheza nani?" akaniuliza.

"Baba yangu mdogo. Yuko Tanzania."

"Anajua?"

"Miaka tisa amecheza na Mjapani na hajamshinda hata mara moja."

Akacheka. "Basi mashine hii itampa raha."

Tuliiwasha papo hapo dukani, kwenye televisheni yake. Ina vishikio viwili vimefungwa kwa waya ubavuni. Unasogeza kidole kilichochorwa kwenye kioo, unabonyeza, kete inatua na kulia kama tone la maji. Ubao wake ni mdogo, wa mistari tisa kwa tisa, si kumi na tisa kama wa Hirose. Yule mama anasema kichwa cha mashine hakina nafasi ya kubeba ubao mkubwa. Zamu yake ikifika inafikiri karibu dakika nzima, kioo kimetulia kabisa, mpaka unadhani imekufa. Michezo miwili ya kwanza ilinifunga. Maandishi yote ni ya Kijapani, kwa hiyo nilimtafuta mwanafunzi mmoja wa kwao pale chuo kikuu akanisomea, nami nimeandika Kiswahili chake kwenye karatasi na kuibandika juu ya sanduku: anza, acha, nani mweusi, nani mweupe.

Sijaituma bado. Posta wanatupa mizigo kama mawe, naogopa itavunjika. Nadhani ni bora niilete mwenyewe siku nikija.

Mwanao,
Haika

*

Pasua, Moshi
14 Februari 1993

Haika,

Salamu. Tuko salama.

Usiilete mwenyewe. Mtu akisema ataleta mwenyewe, kitu hakifiki na yeye hafiki. Mama yake Anastasia ametuambia binti yake anakuja Pasaka. Mpe yeye.

Paul

*

Saint Paul
24 Machi 1993

Shikamoo Baba Mdogo,

Mizigo miwili inakuja na Anastasia, mashine na barua hii. Nimemwomba akukabidhi mashine kwanza.

Sijui mvua imeanza au bado, na sitajifanya leo kuandika habari za hali ya hewa. Barua yako ya mistari minne nimekaa nayo wiki mbili.

Nilimaliza masomo mwezi wa tano mwaka jana. Nilivaa joho na kofia, na Anastasia akanipiga picha mbele ya maktaba. Picha ipo kwenye droo yangu, nimeigeuza uso chini. Juni nilipata kazi ya muda huko Plymouth, kwenye kampuni inayotengeneza mirija ya kuingizwa kwenye mishipa ya moyo. Mimi ni mkaguzi wake. Naiangalia kwa darubini, mmoja mmoja, na wenye mkwaruzo nautoa. Baba Mdogo, najua kazi hiyo. Naijua kuliko nilivyowahi kujua kitu chochote.

Septemba, siku tano kabla sijakuandikia habari za Bloomington, bosi wangu Bwana Alfred aliniita. Alikuwa na kikombe cha kahawa mkononi. Akasema, "Tunataka ubaki, na kampuni itashughulikia karatasi zako. Utabaki?" Nikasema ndiyo kabla hajafikisha kikombe mdomoni. Nikatoka nje, nikasimama kwenye maegesho ya magari, nikakumbuka wewe ukisimama kanisani mbele ya usharika mzima na kusema, "Huyu atarudi, namdhamini mimi." Kisha nikaenda nyumbani na kukuandikia kwamba masomo ni yale yale.

Na mashine sikuipata Januari. Niliipata Novemba, wiki ile ile barua yako ilipofika. Imekaa kwenye meza yangu miezi minne. Mwanafunzi yule wa Kijapani aliniazima televisheni ya kwao, na kila nikitoka kazini nilicheza. Ukishaizoea ina kosa moja isiloliona: ukiitishia kwenye pembe inakimbilia kuiokoa kete moja na kukuachia ubao. Inarudia hivyo kila mara. Jumapili moja niliishinda mara sita kwa njia hiyo hiyo, nikaizima, nikaona ni kwa nini siitumi. Nilikuwa nakuletea kitu cha kukaa mahali pangu, na siku nitakayokituma ndiyo siku nitakayokuwa nimekuambia sirudi.

Sasa nimekituma.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Usharika nitauandikia mwenyewe ukiniruhusu, ili aibu isikuangukie wewe. Nilitaka tu uisikie kutoka kwangu kabla hujaisikia kwa mtu mwingine.

Mpe Mama Mdogo shikamoo. Mwambie nimemwona akipaka chokaa, ingawa sikuwepo.

Mwanao,
Haika

*

Pasua, Moshi
9 Mei 1993

Mpendwa mwanangu Haika,

Marahaba. Sote ni wazima, na masika imenyesha kama ilivyoahidiwa. Anastasia alifika Jumamosi ya kuamkia Pasaka, amenenepa, akanikabidhi mashine kwanza kama ulivyomwagiza.

Uliyoyaandika niliyajua. Yule mama Lynette aliyekuja na wageni mwaka jana alikuwa amehudhuria mahafali yenu. Alinipongeza mbele ya sufuria ya ndizi, nami nikamshukuru kama mtu aliyekwisha kupata habari. Alisema pia una kazi nzuri. Basi uliponiuliza kwa nini mashine, jibu ni hili. Nilifikiri nikiomba kitu cha kukaa kwenye kiti chako, utaona aibu uniambie mwenyewe, bila mimi kukuuliza. Ilikuwa zamu mbovu. Ilichukua miezi minane.

Nami pia nina kosa. Mchungaji alipouliza, nilimwambia masomo yako yameongezwa mwaka. Nilisema hivyo mara mbili, na mara ya pili ilikuwa nyepesi kuliko ya kwanza. Kwa hiyo usifikiri umedanganya peke yako.

Sasa nikueleze mashine. Televisheni iliipokea vizuri. Siku ya kwanza niliishinda mara nne, Francis akishuhudia. Ina tabia moja mbaya: haijui kushindwa. Umeshafunga eneo lako lote, mchezo umekwisha, nayo inaendelea kutumbukiza kete zake ndani ya boma langu, moja baada ya nyingine, nami nazing'oa, mpaka hakuna pa kuweka. Hirose angeinama na kusema asante. Halafu haikumbuki. Hila ya jana inaifunga leo. Baada ya wiki moja nilichoka nayo nikarudi kucheza mwenyewe kwa mkono wa kulia na wa kushoto.

Jumatano moja maji yalifungwa mapema nikarudi saa saba mchana. Nilimkuta mama yako mdogo amekaa mbele ya televisheni, kanga kiunoni, kishikio mkononi. Alikuwa anacheza kete nyeupe. Mashine ilikuwa imebakiwa na kona moja tu. Nilisimama mlangoni mpaka alipoimaliza.

Nikamwuliza, "Brigitha, nani kakufundisha?"

"Ninyi."

"Lini?"

"Miaka tisa naleta chai. Nasimama na sinia mpaka mmoja wenu akumbuke kuipokea. Unadhani nilikuwa natazama wapi?"

"Mbona hukusema unajua?"

"Hukuniuliza, Paul. Mlikuwa wawili mezani."

Mwaka mzima nimelalamika kwamba hakuna mtu wa kucheza naye, ndani ya nyumba ya watu wawili. Nilikuandikia wewe, maili elfu ngapi sijui, uniletee mpinzani.

Jioni hiyo nilitoa ubao mkubwa. Anacheza haraka, havuti pumzi wala hashiki kidevu. Mara nne za kwanza nilimshinda kwa kidogo. Alhamisi ya wiki iliyofuata alinishinda kwa nafasi tatu. Nikahesabu upya, na zilikuwa tatu.

Wakati anakusanya kete akasema, bila kuniangalia, "Na lile la Haika, utalisema kanisani Jumapili, au niseme mimi?"

Nilisema mimi. Nilisimama pale pale nilipokudhamini, nikasema Haika amemaliza, ana kazi, harudi kufanya kazi hapa, na kwamba nilijua na nikawaficha. Wapo walioguna. Mzee mmoja alitoka nje na hajanisalimu mpaka leo. Mwenyekiti wetu, Mama Philister, aliacha kelele zitulie, kisha akauliza kama kuna mwingine anayetaka kwenda kusomea maabara. Mikono saba iliinuka, miwili ni ya watu wazima wenye wajukuu. Kwa hiyo usiwaandikie kuomba radhi tu. Waandikie unaweza kumsaidia nani, na kwa nini.

Sitasema sikukasirika. Bado kuna siku naamka nimekasirika, hasa Jumatano. Lakini mirija ya moyo lazima mtu aiangalie, na kama unaijua kazi hiyo kama unavyosema, basi ifanye, na picha ya droo itume nyumbani.

Mimi baba yako mdogo,
Paul

*

Saint Paul
6 Juni 1993

Shikamoo Mama Mdogo,

Hii barua ni yako. Nimehesabu: tangu nije huku nimeandika nyumbani mara kumi na tisa, na kila mara nimemwandikia Baba Mdogo, kisha mwishoni nikaandika "mpe Mama Mdogo shikamoo," kama mtu anayeacha salamu mlangoni. Nilipofika mahali Baba Mdogo anaposema "hukuniuliza," niliweka barua chini. Nilijua kosa hilo halikuwa lake peke yake.

Usharika nimewaandikia leo asubuhi. Nimewaambia nitampokea mmoja wa wale saba hapa kwangu, akae chumba kimoja nami mpaka ajue mji. Picha ya joho imo ndani ya bahasha hii. Nimekunja uso kwa sababu ya jua.

Sasa nina mambo mawili, na nayaandika pamoja ili lisionekane moja nikaficha jingine. Nitakuja Desemba kwa wiki tatu. Baada ya hizo wiki tatu nitarudi huku. Baba Mdogo ameshaniambia nikae, na nimeshika neno lake. Lakini wewe ndiye uliyenisuka nywele asubuhi ya safari, na wewe ndiye uliyepaka ukuta chokaa kabla mvua haijapita, na katika miaka hii minne hakuna aliyekuuliza neno. Mimi nakuuliza. Ulitaka niwe wapi? Ulipokuwa umesimama na lile sinia, ni mara ngapi ulikuwa unaona zamu nzuri kuliko zetu ukanyamaza? Goti lako likoje, kweli kweli, siyo kama Baba Mdogo anavyolieleza?

Niandikie kwa mkono wako. Usimpe akuandikie, atatia mambo ya malango ya maji. Hata mistari minne inatosha, mradi iwe yako.

Na akikuomba hii aisome, mwambie ina mwenyewe.

Mwanao,
Haika